Kadi Moja Niliyoichapa Bila Saini

Wenzangu wa matbaa, siku ya kuniaga mlitaka nitoe hotuba, nami nikala keki vipande vinne ili mdomo upate kazi nyengine. Shamsa wa kompyuta hakudanganyika. Akaniambia, "Ami Khalfan, basi andika. Ukisema unatia chumvi, labda kwenye karatasi utaona haya." Nimejaribu kuona haya. Humu nikisema jambo limetokea mara elfu, gawanyeni kwa kumi. Isipokuwa lile la mwisho, ambalo limetokea mara moja tu, na ndilo lililonifanya nikubali kushika kalamu.

Vyeo vyangu na mshahara wangu hamvihitaji. Nitaanza na mikono.

Niliingia matbaa hii nna miaka kumi na tisa, nimetoka Unguja na mashati mawili na Kiarabu cha kusomea Kurani, ambacho hakikunisaidia hata kununua mkate hapa Matrah, Omani. Siku ya kwanza Maalim Zahran, mpanga herufi mkuu, naye mtu wa Unguja, hakuniuliza najua nini. Alinipeleka bombani nikakosha mikono, akainusa, akanirudisha. Mara tatu. Ya tatu akasema, "Asubuhi umekula samaki. Karatasi ya arusi inavuta kila kitu, mwanangu. Samaki, mafuta ya nywele, na dhamiri mbaya." Tangu siku ile sijala samaki asubuhi, na mke wangu mpaka leo anadhani ni daktari aliyenikataza.

Herufi wakati huo zilikuwa za risasi, ndogo kama chawa, na zinasomeka kinyumenyume. Unaziokota moja moja kwenye visanduku, unazipanga kwenye kijiti cha chuma, ukipiga chafya umepoteza nusu ya ukoo wa bwana arusi. Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu wa siri: sikuwa nasoma vizuri. Nilipanga kwa kutazama sura za herufi, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Maalim aligundua wiki ya pili. Hakusema kitu mbele za watu. Jioni akanipa kijikaratasi chenye jina la skuli ya watu wazima Ruwi, akasema, "Kazi inakwisha saa kumi na moja. Darasa linaanza kumi na mbili. Katikati una saa nzima ya kufikiria kisingizio, na sitokikubali."

Nilisoma miaka sita, darasa moja na dereva wa lori, mpishi wa hospitali na mzee mmoja mwenye wajukuu kumi na wanane aliyekuwa akitushinda sote hesabu. Nilipopata shahada yangu, Maalim aliitazama kwa kioo cha kukuzia, muhuri mpaka saini, kisha akasema chapa yake mbovu. Lakini siku nzima ile alikuwa akiniita "Ustadhi".

Nyinyi mnaijua kanuni ya sampuli, ila hamjui ilivyokuwa kwa Maalim. Kwake mwenye arusi sharti aje mwenyewe, asimame pale kwenye meza ya kukatia, aisome sampuli kwa sauti, jina kwa jina, mpaka mwisho. Asome, atie saini, ndipo wino. Tumewasomesha hapo masheikh, makanali, na daktari mmoja aliyelia alipolifika jina la baba yake aliyekufa. Maalim alisema mtu akisoma kimya anasoma anachotaka kiwepo; akisoma kwa sauti anasoma kilichopo.

Na kadi zenyewe. Upande mmoja Kiarabu, upande wa pili Kiswahili kwa jamaa wa Unguja na Tanga. Bwana arusi anaandikwa jina lake, la baba yake, la babu yake, na kabila juu. Bibi arusi haandikwi. Ni "karima wa Sheikh fulani", yaani binti yake mheshimiwa, basi. Nimechapa kadi zilizoozesha nusu ya Muscat, na majina ya wanawake niliyoyachapa miaka ile kumi ya mwanzo yanaingia kwenye kiganja.

Kesi ngumu ya kwanza niliyoishuhudia ilikuwa ya binti mmoja wa Sidab, mwalimu wa skuli. Alikuja na baba yake, akataka jina lake liandikwe.

"Jina la mwanangu lizagae mikononi mwa madereva wa teksi?" baba akasema.

"Madereva wote wananijua, Baba," binti akajibu. "Nawasomesha watoto wao."

Mimi nikaona jambo dogo: tuchape namna mbili, moja ya kwa baba, moja ya kwa binti, kila mtu afurahi. Nikamnong'oneza Maalim. Akanitazama kama niliyetemea mate kwenye wino. Akaitia sampuli kwenye mtoto wa meza, akawaambia, "Nendeni nyumbani. Mkikubaliana, rudini msome pamoja. Msipokubaliana, msirudi. Mie siwezi kuwachapia uwongo wa kumfurahisha kila mmoja." Walirudi baada ya wiki mbili. Walikuwa wamekubaliana iandikwe herufi ya kwanza ya jina, peke yake, kama tone la wino lililodondoka kwa bahati mbaya. Baba akasoma kwa sauti, na alipofika kwenye herufi ile akaisoma nayo.

Mwaka uliopita binti wa yule mwalimu alikuja kuchapisha ya kwake. Jina lake zima, la dhahabu, kubwa kuliko la bwana arusi, limezungushiwa maua. Yule babu wa Sidab alikuja naye, akasoma, akatia saini, akauliza kama maua hayawezi kuongezwa. Nimeyaona hayo kwa macho yangu mwenyewe, na ndiyo maana sikubali mtu akiniambia watu hawabadiliki. Wanabadilika. Ila hawakubali kuonekana wakiwa njiani.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Maalim alikuwa na mtoto mmoja, Talib, mhandisi, aliyekwenda kusoma Uingereza akabaki huko kazini. Kila akija likizo alikuja matbaa kunywa chai na baba yake. Mtu mzima wakati huo, ana ndevu zilizochongwa vizuri na viatu vizuri kupita vyote tulivyovijua. Siku moja tuko kwenye chai, televisheni ya pale ukutani ikaonesha habari za nchi za nje: wanaume wawili wametoka kwenye ofisi ya serikali wameshikana mikono, watu wanawarushia maua, wameoana. Nani alianza kuchekesha? Mimi. Nani mwengine?

"Hebu nambieni," nikasema, "kadi yao ikija hapa tutaandikaje? Bwana arusi na bwana arusi? Na karima tumtoe wapi, tumuazime?"

Matbaa nzima ilicheka mpaka mashine ikasimamishwa. Nikaendelea, maana mimi nikichekewa siwezi kujizuia. Nikaigiza mwendo wa maarusi wawili wote na majambia. Talib alitabasamu, akazungusha kikombe chake, akaniuliza, "Na ikiletwa kwako kweli, Ami, utaichapa?"

"Nitaichapa kwa maji," nikasema, na wakacheka tena.

Maalim hakucheka. Akasema chai imepoa, akaenda kuimwaga, ingawa tuliona wote inatoa moshi.

Maalim alikufa miaka mitatu baada ya siku ile. Na kicheko kile nacho kilikufa pale matbaa, polepole, bila ya mtu kukizika. Mmoja wetu akaja kuwa na mpwa Landani ambaye hakuna anayemuuliza ataoa lini. Mwengine mtoto wa dada yake Kanada. Habari kama zile zikitokea kwenye televisheni, mtu ananyanyuka kubadilisha stesheni. Sisemi watu wamekubali, nisiwazulie. Wengi hawajakubali na hawatokubali, na dini yao wanaijua. Ila zamani tulikuwa tukicheka watu wasiokuwa na sura. Baadaye kila mtu akawa na jina kichwani.

Miaka mitano iliyopita, Talib akanipigia.

"Ami, nataka kadi moja."

"Moja? Mashine ya kule ndani haiamki kwa kadi moja, mwanangu. Kwa mia tano inanung'unika."

"Moja tu. Ya Mama."

Akanieleza. Anaoa. Ofisi ya serikali kule kwao, watu kumi na wawili, chakula cha mchana, basi. Mwenziwe anaitwa Daniel, wako pamoja miaka saba. Mama yake, Bi Zuwena, anajua kuna mtu. Hajawahi kuuliza ni nani, naye Talib hajawahi kusema. Nyumba ya Bi Zuwena kule Sib ukuta mzima umetundikwa kadi alizozipanga marehemu mumewe. Talib alitaka mama yake apate habari kwa njia ile, kwa karatasi ile ya rangi ya maziwa na herufi za baba yake, kwa Kiswahili, majina mawili kamili. Haombi aje. Anaomba asome.

"Talib," nikasema, "unajua nchi ina sheria zake na matbaa ina rukhsa yake."

"Najua. Ndiyo maana ni moja, na nakuomba wewe. Ukiona huwezi, nambie huwezi. Wallahi sitokasirika, Ami. Lakini usiibadilishe."

Nikamwambia nitaangalia. Watu wa Unguja wanajua: "nitaangalia" ni neno la mtu ambaye hataki kusema ndiyo wala hapana.

Nilimuonesha Shamsa maneno ya kadi niliyoyaandika. Aliyasoma mara mbili, akanirudishia kijikaratasi kimekunjwa. "Hii haingii kwenye kompyuta ya watu," akasema. "Mimi, Ami, sijui nilifikirie vipi jambo hili, siku moja naona hivi, siku ya pili hivi. Lakini huyu mtoto wa Maalim kakupa mlango: mwambie hapana. Atafahamu." Alikuwa na miaka ishirini na sita, na katika matbaa nzima ndiye aliyekuwa mtu mzima siku ile.

Sikumsikiliza. Alasiri ya Alkhamisi nyote mmeondoka, nikafungua sanduku la zamani la herufi za risasi. Nikapanga jina la Talib na ukoo wake mzima. Nikapanga "na". Nikapanga Daniel, na jina la baba yake, Bwana Harper. Nikaitazama mistari ile kwenye chuma. Mikono yangu, iliyokwisha kupanga majina milioni moja, nikaenda kuikosha bombani. Kisha nikachukua koleo, nikalitoa jina la Daniel, herufi moja moja, nikazirudisha kila moja kwenye kisanduku chake. Mahali pake nikapanga: "karima wa Bwana Harper".

Nilijiona fundi. Nilijiambia kadi zetu ndivyo zilivyo, jina la upande wa pili haliandikwi, nani atauliza? Mama atafurahi, mtoto atapata kadi yake, matbaa itasalimika, nami nitakuwa sikusema hapana kwa mtoto wa Maalim. Sikumsomea Talib sampuli kwa simu. Sikumpelekea picha atie saini. Katika miaka arubaini na moja ya kazi, kadi iliyotoka mikononi mwangu bila ya mwenyewe kuisoma ni hiyo tu. Sikusahau. Nilijua akiisoma hatotia saini.

Jumamosi nikaenda Sib. Bi Zuwena alinikaribisha sebuleni, kahawa na halua tayari, maana ukimwambia unapita anajua utapita na njaa. Nikampa bahasha. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti, kama mumewe alivyokuwa akiwasomesha watu. Alipofika kwenye "karima" akairudia. Kisha, mtu mzima wa miaka sabini na tatu, peke yake sebuleni, akapiga kigelegele. Kifupi, kimoja, kama mtu aliyekwisha kusahau kinavyopigwa.

"Binti wa nani huyu, Khalfan?"

"Wa huko huko, Bi Zuwena. Watu wazuri."

Hilo nililisema kwa mdomo wangu. Kadi ningeweza kuisingizia desturi.

Akachukua simu kabla sijaweka kikombe. Simu yake inapiga kelele kama redio ya dukani, kwa hivyo nilisikia yote.

"Mabruk, mwanangu, mabruk! Kadi imefika, nzuri kama za baba yako. Nambie, bibi arusi anaitwa nani nimuombee dua kwa jina?"

Talib hakutaja jina, aliuliza:

"Mama, kadi imeandikwa nini?"

Akamsomea. Yote, kwa sauti, mpaka mwisho.

"Ami Khalfan yupo hapo?" Talib akauliza.

"Yupo, anakula halua."

"Mwambie ahsante." Kisha sauti yake ikawa ya mtu aliyekaa chini. "Mama. Hakuna bibi arusi. Sikutaka ujue hivi."

Alimwambia kwa maneno matatu au manne, siyarudii, ni yao. Bi Zuwena hakupiga kelele. Alisema, "Haya. Haya, Talib," akaweka simu juu ya meza, na kadi akaigeuza, uso chini, karibu na sahani ya halua.

Mimi nikaanza kusema. Mnanijua, mimi kimya kinaniwasha. Nikasema nilitaka kumsitiri mtoto, nilitaka kumsitiri yeye, nilitaka kheri.

Akaninyamazisha kwa mkono. "Khalfan, unafikiri mie sijui mwanangu? Miaka yote hii nnajua. Kila nikisali nnajizoesha. Nilishapanga siku akinambia nitamjibu nini. Neno kwa neno nilishalipanga. Si kwamba nimeridhika, Mungu ananiona. Lakini nilikuwa na jawabu ya kumpa mwanangu." Akavua miwani. "Wewe umeniletea mkwe. Dakika tano nimekuwa na mkwe, nishamuona na mimba. Sasa lile neno langu silioni tena. Silioni lilipo."

Nilitoka pale sikumaliza kahawa.

Talib alioa siku yake. Mama yake hakumpigia siku ile, wala ile iliyofuata. Wanazungumza Idi mbili kwa mwaka, salamu, afya, mvua. Kuja hajaja tena. Mimi aliniandikia mstari mmoja tu: "Ami, ungesema hapana." Jibu lake nimelianza mara mia mbili. Gawanyeni kwa kumi. Bado mara ishirini, na hakuna hata moja niliyoipeleka.

Nimewaona watu wengi hapa wakibadilika tangu hapo, na mimi mmoja wao, ingawa mpaka leo nikiulizwa msimamo wangu nazunguka kama mtu anayetafuta viatu vyake msikitini. Kinachoniuma si msimamo. Ningekataa, ningekuwa mzee mwenye mawazo yake, kama wazee wengine mia, na Talib angemwambia mama yake kwa njia nyengine, na Bi Zuwena angekuwa na lile neno lake. Ningekubali, yangekuwa mengine. Mimi nilichapa kitu ambacho hakuna aliyekitaka: si Talib, si mama yake, wala sheria ya nchi.

Wiki iliyopita nilikwenda Sib kumjulia hali, mara yangu ya kwanza tangu kustaafu. Tulizungumza magoti yake, magoti yangu, bei ya papa mkavu. Nilipoinuka akaniambia nikae.

"Idi inakuja," akasema. "Talib atapiga. Kila Idi nnataka kumuuliza na yule mwenziwe hajambo. Sasa mtu utamuuliza vipi? 'Yule wako'? Kama unauliza khabari za gari. Siku ile aliponambia kweli sikuuliza jina, na yeye hajalisema mpaka leo. Miaka mitano. Nnaona haya kumuuliza sasa." Akanitazama. "Wewe unalijua. Uliliona."

Nikamwambia nalijua.

"Niandikie. Kubwa, macho yangu hayapo."

Hakukuwa na karatasi karibu, akanipa bahasha ya dawa ya hospitali. Niliandika kwa kalamu ya kawaida, mwandiko wa mwanafunzi wa skuli ya jioni mwaka wa kwanza. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, midomo ikicheza. Akalisema. Akalisema tena, taratibu, kama anayejaribu kiatu.

"Kumbe jina fupi tu," akasema.

Nikamwambia ndiyo, Bi Zuwena, fupi.